Maji Yakishatoka Getini

Mume wangu ni fundi wa zege, na nawaambia mapema ili msije mkanionea huruma baadaye: nilimpenda kwa zege hilo hilo. Alikuja kusakafia kibaraza cha saluni nilikokuwa nasuka, akaanzia mlangoni badala ya kuanzia mwisho, akatufungia ndani mimi na wateja wawili mpaka jioni. Wateja walimtukana kupitia dirishani. Mimi nilikaa dirishani nikamtazama anavyofanya kazi, amepiga magoti, ulimi umemtoka pembeni, analainisha saruji mpaka inang'aa, na kila akiinua kichwa ananiomba radhi. Ilipofika jioni nilikuwa nimeshamsamehe na mengine ambayo alikuwa bado hajayafanya.

Lakini kumpenda mtu si kupenda kila akifanyacho. Mtaani wanamwita Zege, na wala hawakukosea. Mume wangu akiona udongo mikono inamwasha. Kwake udongo ni kazi ambayo haijaisha. Tulipohamia nyumba yetu, mwaka wa kwanza alisakafia njia ya kutoka getini mpaka mlangoni. Nikasema haya, viatu havitachafuka. Mwaka wa pili akasakafia upande wa kufulia. Nikasema haya. Mwaka wa tatu nikaenda kumuuguza mama yangu wiki mbili, kurudi nakuta kiwanja kizima, ukuta kwa ukuta, kimekuwa sakafu. Mpapai wangu ulikuwa umeachiwa kishimo cha ukubwa wa sufuria. Zege amesimama katikati, amekunja mikono, ananiuliza naonaje.

"Naona nimeshukia kituo cha mafuta," nikamwambia.

Ubaya ni kwamba kazi ilikuwa safi. Hata mimi niliyenuna siku tatu sikuweza kusema vinginevyo. Uwanja ule ndio uliokuwa tangazo lake. Wateja walikuja, wakautembezea mguu, wakauinamia, na kabla hawajatoka walikuwa wameshapanga siku ya kuanza kazi kwao. Na kila akimaliza uwanja wa mtu, alikuwa na jambo lake alilokuwa akiliita ndoo ya kukabidhi. Anajaza ndoo maji, anaimwaga kona ya juu mbele ya mwenye nyumba, halafu anatulia. Maji yanateremka yenyewe, hayasimami popote, hayaachi kidimbwi hata cha kuku kunywa, mpaka yanatokea kwenye tundu chini ya geti na kupotelea barabarani. "Maji yakishatoka getini," anamwambia mteja, "mimi na wewe tumemalizana." Na mteja anapiga makofi, maana ni kweli inapendeza. Kwa miaka mitatu akakabidhi viwanja namna hiyo mtaa mzima, upande wetu na upande wa pili.

Sasa mtaa wetu uko kwenye mteremko, na chini ya mteremko, nyumba tatu kutoka kwetu, anakaa wifi yangu.

Wifi ni dada mkubwa wa Zege, mjane, fundi cherehani. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka kumi na saba na Zege saba. Ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyempeleka shule na kumrudisha kwa fimbo alipotoroka, ndiye aliyemtafutia fundi wa kumfunza kazi. Watu husema wifi na wifi hawapikiki chungu kimoja. Sisi tunapikika mpaka tunaungua. Kila siku saa kumi, nikishamaliza kichwa cha mchana, nabeba chupa ya chai nateremka kwake. Yeye anashona, mimi naongea. Nikianza kumsema mdogo wake, ananisaidia kumsema, tena ananikumbusha na niliyoyasahau. Mtu wa namna hiyo huendi kumnunua dukani.

Chumba chake cha kushonea ni hicho cha mbele, mlango wake unatazama barabara. Ana cherehani mbili, ya mguu na ya umeme, meza ya kukatia, na rafu za vitambaa. Anashona sare za shule, na kwa sare hakuna wa kumgusa. Na kila mvua ikinyesha, maji yanamwingilia. Mwanzoni yalikuwa ya kupigwa deki. Halafu yakawa ya gunia mlangoni. Msimu uliopita yalipanda juu ya gunia, yakaua mota ya cherehani ya umeme na bunda zima la kitambaa cheupe. Sote tulilaumu mfereji wa barabara. Zege mwenyewe kila msimu alikwenda na chepe lake kuuzibua, ananing'inia humo mpaka kiunoni, anaitukana halmashauri. Ukimwona ungesema kuna kaka mwenye upendo kweli kweli, na usingekosea.

Siku moja katikati ya chai wifi akazima cherehani.

"Wifi," akasema, "yakiingia mara moja nyingine nafunga. Mwanangu ameshanitengea chumba kwake."

Mwanawe yuko mji mwingine, siku nzima ya safari, anakaa kwenye nyumba za ghorofa.

"Ghorofa ya ngapi?" nikauliza, kama vile ndilo lililokuwa la maana.

"Ya nne. Labda mvua inifuate kwa ngazi."

Akacheka. Mimi nikanywa chai yangu. Nilirudi nyumbani nikamsuka mteja wa jioni mistari imepinda, akalalamika, nikamwambia ndiyo mtindo mpya. Usiku huo nilimweleza Zege. Akasema kesho ataenda kuuzibua mfereji vizuri zaidi.

Wiki chache kabla ya mvua likapita gari la halmashauri na kipaza sauti. Linasema kila kiwanja cha makazi, nusu yake ibaki wazi, pasiwe na zege, vigae wala lami, maji ya mvua yapate pa kuzama. Waliokwisha kusakafia wapunguze kabla ya mvua. Zege alikuwa anakunywa uji, kikombe kikabaki hewani.

"Nusu," akasema. "Mtu akivaa suruali nusu, watamsifu?"

Kwa siku tatu hakuwa na maneno mengine. Aliwaambia wateja wangu waliokuwa chini ya kitana, akamwambia jirani yetu dereva wa lori, akamwambia mpapai. Na sikumcheka sana, maana nilijua kinachomuuma. Mtu ametumia miaka mitatu kuufanya mtaa ung'ae, halafu gari linapita na kumwambia amekosea.

Siku ya nne akaja mpimaji wa halmashauri, binti mwembamba, buti za mpira mpaka magotini, futi ya kamba mkononi na daftari kwapani. Alisalimia vizuri, akapima huku na huku, Zege yuko nyuma yake anamsahihisha namna ya kuvuta futi. Mwisho binti akapiga hesabu.

"Fundi, kiwanja chako kimesakafiwa asilimia tisini na sita."

Zege akakunja uso. "Hizo nne zimebaki wapi?"

Naapa hakuwa anatania. Alikuwa ameumia. Binti akamwonyesha kishimo cha mpapai na kijistari nyuma ya tangi la maji, na Zege akavitazama kwa macho ya mtu aliyegundua shati lake limepasuka tangu asubuhi. Nikaingia ndani nicheke vizuri.

Mngefikiri baada ya hapo angeshika nyundo. Nani? Zege? Alikaa siku mbili akiwaza, ya tatu lori la dereva likarudi nyuma getini likamwaga udongo mwekundu, na baada yake likaja na nyasi zilizokatwa vipande vipande na mizizi yake. Akautandaza udongo juu ya zege, unene wa shubiri moja, nusu ya uwanja kwa kipimo cha futi, akapanga nyasi juu yake kwa ustadi ule ule anaopanga vigae. Jioni tukawa na bustani.

"Na chini yake?" nikamuuliza.

"Chini yake ni mambo ya ufundi."

Hapa niseme ukweli wangu. Nilijua huo ni utapeli, na nilinyamaza. Nyasi zilikuwa nzuri jamani. Nilivua viatu, nikatoa kiti nje, nikamsuka mteja katikati ya bustani, na watu wakipita wanachungulia getini wanasema hongera. Nikajibu asante, kwa sauti kabisa.

Mpimaji aliporudi, akatembea juu ya nyasi, akapiga kisigino mara moja, akasikiliza, akapiga tena. Akamtazama Zege. Zege akatazama mawingu.

"Nyasi nzuri," binti akasema. "Nitapita tena mvua ikishanyesha."

Alipoondoka Zege alicheza kabisa, alizunguka uwanja anakata kiuno. Mimi nilicheka, lakini kile kisigino kilinikaa moyoni.

Mvua ya kwanza ilikuja Jumamosi mchana, bila salamu. Nilikuwa ndani nasuka, nikasikia Zege anapiga kelele nje, nikafikiri kaanguka. Nilipotoka, bustani ilikuwa inahama. Sisemi inaloa, inahama. Udongo ulikuwa umelainika juu ya ile sakafu yake laini, na nyasi zinateremka kipande baada ya kipande kuelekea getini, kwa mpangilio. Mteremko wake haukubagua, ulisafirisha udongo kama ulivyosafirisha maji miaka yote. Zege anakimbilia kipande hiki anakirudisha, kile kinampita. Nusu saa, na zege likaonekana tena limeoshwa linang'aa.

Nikawaza udongo wote ule umekwenda wapi, halafu nikaacha kuwaza nikakimbia.

Wifi alikuwa amekaa juu ya meza ya kukatia, miguu ameipandisha. Tope limejaa chumba kizima, linafika katikati ya muundi. Mashati ya sare yaliyokuwa yamekunjwa kwenye boksi chini, thelathini na kitu, yalikuwa hayana tena rangi ya kuitwa nyeupe. Na katikati ya chumba, mbele ya cherehani, palikuwa na kipande cha nyasi kimetulia, kimesimama wima, kibichi kabisa.

"Wifi," akasema, "safari hii yamekuja na bustani."

Alijaribu kucheka, midomo ikamkatalia. Akaniambia ameshampigia mwanawe simu. Anakuja Jumamosi ijayo na gari.

Nikapanda mezani nikakaa naye. Tulitazama yale maji mekundu. Udongo huo ulikuwa umetoka kwangu, hapakuwa na haja ya kuuliza, na bado nikauliza.

"Ulijua yanatoka wapi?"

"Tangu mwaka ule alipomaliza uwanja. Yalianza msimu ule ule."

"Miaka mitatu unaniangalia nakunywa chai hapa, hukusema?"

"Ningesemaje?" Alikuwa anajipangusa tope kwenye vidole vya mguu, kimoja kimoja. "Kabla ya ule uwanja watu walikuwa wanamwita yule kibarua. Yule mtoto wa marehemu. Baada ya ule uwanja wakaanza kumwita fundi. Mimi nimemlea, wifi. Nikamwambie avunje?"

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa uvumilivu wake wa kijinga, nikamkasirikia mume wangu, na nikajikasirikia mimi na kiti changu katikati ya nyasi. Hasira zote tatu nilipanda nazo mlima, na mvua ikawa imekatika.

Zege alikuwa anakusanya nyasi zilizonasa getini. Nilichukua ndoo, nikaijaza kwenye tangi, nikaibeba mpaka kona ya juu.

"Fundi," nikamwambia, "uwanja huu hujanikabidhi."

"Nini?"

"Umekabidhi mtaa mzima. Mimi mkeo sijakabidhiwa. Leo nikabidhi."

Nikamwaga. Maji yakateremka yale yale, hayakusimama popote, yakapita chini ya geti.

"Haya, yametoka," akasema.

"Yafuate."

"Niyafuate wapi?"

"Yanakokwenda. Au unataka nikushike mkono?"

Mume wangu ananijua. Akatoka. Mimi nikajaza ndoo ya pili nikamfuata, ikiwa ya kwanza itachoka njiani. Haikuchoka. Maji yalitoka kwenye tundu letu kwa kasi, yakateremka ukingoni mwa barabara, yakafika kwenye mdomo wa mfereji. Pale ndipo aliponing'inia na chepe miaka yote. Na mfereji ulikuwa wazi, safi, hauna hata jani. Maji yaliupita pembeni kwa mbio zao, hayakuugeukia, yakakata kona kwenye ukuta wa dereva wa lori, na hapo mbele hapakuwa na pa kwenda ila mlangoni kwa dada yake.

Wifi alikuwa ameshuka mezani, anakokota tope kwa kipande cha ubao. Yale maji yetu ya ndoo yakaingia, machache tu, yakapita katikati ya miguu yake.

Zege alisimama nje ya mlango. Sijawahi kumwona mtu mzima akinywea namna ile.

"Dada," akasema. "Kumbe ni mimi."

"Ni maji, mdogo wangu."

"Ni mimi."

Akavua viatu, akaingia, akampokonya ubao. Tulitoa tope mpaka chumba kilipokwisha. Hasira yangu ilikuwa imeniisha, nilikuwa namwonea huruma tu, na nilimpenda, basi.

Asubuhi iliyofuata, kabla sijaamka, nikasikia nyundo.

Niwaambie kitu kuhusu zege la mume wangu: halivunjiki. Alilimwaga kwa ajili ya wajukuu. Kokoto za kutosha, saruji haikupunjwa, na ndani yake wavu wa nondo nyembamba umefungwa kila shubiri. Alipiga nyundo, nyundo ikaruka. Akaweka tindo, tindo likapinda. Kufika saa sita alikuwa amevunja eneo la ukubwa wa sinia, jasho linamtiririka, viganja vimetoa malengelenge.

"Nani alimwaga hili?" akaguna.

"Kuna fundi mmoja hivi," nikamwambia. "Wanamsifu sana."

Na bado alikuwa anaona fahari, mtu yule. Kila akibandua kipande ananiletea kibarazani nikitazame. "Ona kokoto ilivyoshikana. Ona hapa, hakuna tundu la hewa hata moja." Mteja wangu akasema mume wako analia au anajisifu. Nikamwambia yote mawili, mwache.

Habari za Fundi Zege anavunja uwanja wake zilifika kila nyumba kabla ya chakula cha mchana. Watu walikuja kutazama, wengine na viti. Dereva wa lori alitazama dakika kumi, akaenda kwake, akarudi na mtaimbo na sururu. Mwalimu mstaafu, ambaye nyumba yake iko juu yetu, alisimama getini mikono nyuma.

"Fundi, na kwangu je?"

"Kwako, mwalimu, maji yanapita kwangu kwenda kwa dada. Jiandae."

Mwalimu alibisha siku nzima, kwa hoja. Jumanne akaja amevaa kaptula, anauliza pa kuanzia.

Hapo ndipo tulipojua mengine. Zege alikuwa anakijua kila kiwanja udhaifu wake uko wapi, kwa sababu yeye ndiye aliyeuficha. Wetu tu ndio haukuwa nao. Alimpeleka mwalimu mpaka kona ya nyuma, akagonga kwa kisigino.

"Piga hapa."

"Kwa nini hapa?"

"Hapa wavu uliniishia."

"Uliniambia umeweka mara mbili."

"Piga tu, mwalimu."

Mwalimu alimtazama hivi juu ya miwani, halafu akapiga, na sakafu ikafunguka vipande vinne safi. Alifurahi mpaka akasahau kuudhika. Kufika Jumatano nyundo zilikuwa zinalia nyumba tano, na Zege anazunguka nyumba kwa nyumba anakiri: hapa mchanga ulizidi, hapa nilikuwa na homa, hapa ulinichelewesha chai nikakasirika. Watu wanacheka wanavunja. Nimeishi mtaa huu miaka mingi, sikuwahi kuona majirani wanaingiliana nyumba vile, huyu anamshikia yule tindo, yule anamletea huyu maji ya kunywa. Nilifunga saluni yangu ya kibarazani siku mbili nikabeba vifusi kwa toroli, na mikono yangu ya kusukia ikawa kama ya mume wangu. Sikujali.

Kwetu Zege aliacha njia ya kwenda mlangoni, mahali pa kufulia na mistari miwili ya kupitia magurudumu ya gari. Kwingine kote alivunja mpaka udongo wenyewe, udongo wetu wa zamani, mgumu, umefinywa miaka mitatu, akaulima kwa jembe mpaka ukapumua. Chini ya geti akachimba handaki refu, kina cha kiuno, akalijaza vipande vya zege lake, maji yakifika yapate pa kujificha. Alhamisi mpimaji akapita, akapima, akasema asilimia thelathini na moja.

"Zinaruhusiwa hamsini?" Zege akauliza. "Kwa hiyo nina kumi na tisa zangu zimebaki."

Nikamtazama. Akasema alikuwa anauliza tu.

Lakini wifi hakubadilika. Kila jioni nilishuka na chai yangu, kila jioni nikakuta boksi jingine limefungwa. "Nimewaona," akasema. "Mmefanya kazi. Mungu awabariki. Lakini mimi nimechoka kutazama mawingu, wifi. Nataka nisikie mvua nigeuke upande wa pili nilale."

Jumamosi mwanawe akaja na pikapu, kijana mtu mzima, mpole, tai shingoni. Saa sita walikuwa wamepakia cherehani zote mbili na meza, wamezifunga kwa kamba. Chumba kilibaki sakafu tupu, kalenda na boksi moja. Zege alikuja akasimama kwenye kizingiti.

"Dada, ngoja mvua moja."

"Nimengoja misimu mitatu."

"Hukungoja, ulivumilia. Sasa ngoja. Moja tu."

"Mjomba, safari ni ndefu," mwanawe akasema kwa adabu, akatazama saa.

Wifi akatazama barabara, akatazama gari. Alikaa juu ya boksi, akasema basi nimalizie chai ya mkaza mjomba wako. Nikaimimina taratibu kuliko nilivyowahi kumimina chai maishani. Nikamimina na ya pili. Saa tisa kasoro, wingu likaja kutoka upande wa mlimani, mwanawe akatupa turubai juu ya pikapu, na mvua ikashuka.

Ilikuwa kubwa kuliko ile ya bustani. Tulisimama watatu ndani ya chumba kitupu tunatazama kizingiti. Wifi alikuwa amekunja gauni lake mkononi tayari, kwa mazoea, kama kila mara. Nikamtafuta Zege, hayupo. Dakika kumi. Barabarani pakaanza kupita maji, membamba, safi, yanakwenda polepole kama yametumwa dukani, yakafika kwenye mdomo wa mfereji, yakaingia. Dakika ishirini. Mvua inapiga bati hatusikilizani. Kizingiti kimelowa manyunyu tu. Wifi aliinama akaweka kiganja sakafuni, akakitazama. Kikavu.

Nilitoka mbio kumtafuta mume wangu. Nilimkuta uani kwetu, amesimama kwenye udongo, mguu peku, amezama mpaka vifundoni, mvua inampiga kichwani na yeye ameinamisha shingo anatazama chini. Maji yalikuwa yanatuama, yanatoa mapovu madogo, halafu yanakwenda chini.

"Yanazama," akaniambia. "Yanashuka hapo hapo. Hayaendi popote."

"Njoo uone kwa dada."

"Naogopa."

Fundi mzima, miaka arobaini na mbili, anasema anaogopa. Nikamshika mkono kweli safari hii, nikamteremsha. Kufika mlangoni akaiona sakafu. Akasimama nje, mvua inamtiririka, hataki kukanyaga.

"Ingia," wifi akasema.

"Miguu yangu ina tope, dada. Nitakuchafulia."

"Ingia na tope lako. Hilo nitalipiga deki mwenyewe, kila siku, mpaka nife."

Zege akaingia, akalia kama mtoto, wazi wazi mbele ya mpwa wake, na mimi nikalia, na tukawa tunacheka huku tunalia. Mwanawe alikuwa bado ameshika ufunguo wa gari.

"Mama," akasema, "chumba nimeshakipaka rangi."

"Rangi gani?"

"Ya bluu. Unayoipenda."

"Vizuri sana, mwanangu. Nitakuja kukitembelea."

Hakungoja ajibu. Alitoka nje kwenye mvua bila mwavuli, akapanda kwenye tairi la pikapu, akaanza kufungua kamba.